Mzee wa Ofisi Ile Ile

Nilimwona Gitega, saa ya chakula cha mchana, anakula brosheti, mishikaki ya mbuzi. Kama ningemkuta anaomba barabarani, au amelazwa hospitali na mpira puani, labda ningepita kimya na moyo wangu ungetulia. Lakini alikuwa amekaa kivulini kwenye kabare moja, baa ya karibu na soko, midomo inang'aa mafuta, anachokonoa meno, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya bega la kijana wetu. Nasema kijana wetu, ingawa siku hizi ana kitambi na gari lenye vioo vyeusi, kwa sababu alikula chakula cha mama yangu kambini mpaka akaota ndevu. Na huyo mzee aliyekuwa amemshika bega ndiye aliyemchukua kaka yangu pale mpakani Kobero.

Watu wakisimulia mambo kama haya husema walitetemeka, au machozi yaliwatoka. Mimi nilikuwa nimebeba maharagwe, nikayaweka chini, nikashika ukuta wa duka. Mwenye duka akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni jua.

Ngoja nieleze taratibu, maana mimi nikianza na hasira huwa naruka mambo.

Sisi ni watu wa Mwakiro, huko Muyinga, lakini mimi nilikulia Tanzania, kambini, kama nusu ya watu ninaowafahamu. Ndiyo maana nikifungua mdomo sokoni Gitega wachuuzi wanacheka, eti naongea kama redio. Kaka alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa akivuka mpaka na sabuni na kandambili, anarudi na maharagwe, mama anayauza kambini, tunaishi. Hakuwa askari wa mtu. Labda alibeba salamu za watu, na wakati ule nani hakubeba salamu? Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja alifika Kobero, akiwa kwenye foleni katikati ya malori na wapagazi, wakamwita pembeni, wakampakia kwenye gari, basi. Aliyeona ni mfanyabiashara mmoja wa Muyinga mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka India, aliyekuwa pale akisubiri mzigo wake utoke ushuru. Alimfahamu kaka kwa sababu alizoea kununua sabuni yake. Alimtuma dereva wa lori atuletee habari kambini, na alitaja pia ni nani aliyesimama kando na mwavuli wake, anaonyesha kwa kidole achukuliwe yupi.

Mwenye mwavuli ndiye huyu wa brosheti.

Ofisi yao, hao watu wa usalama, wakati ule ilikuwa Muyinga, nyumba ya kawaida tu, haina kibao, ina benchi nje. Mama alivuka mpaka peke yake, akaenda kukaa kwenye benchi hilo pamoja na wamama wengine waliokuwa na shida kama yake. Yule mzee, ambaye bado hakuwa mzee, alikuwa bwana wa koti na kofia, anaongea Kifaransa na wenzake mlangoni. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya wezi. Mama mmoja pale benchini alimsalimia kwa Kiswahili, akapigwa kofi la mdomo. Mama yangu aliliona kofi hilo, akazungumza Kirundi, na bwana akamjibu kwa upole mwingi kwamba mwanawe amepata mwanamke Tanzania, amemtoroka mkewe, arudi akamtafute huko huko. Alimwambia mama mzazi maneno hayo huku akijua. Akamsindikiza hadi getini, mkono mgongoni. Mama anasema mpaka leo akikumbuka ule mkono anasikia kutaka kuoga.

Alirudi mara nyingi. Mwanzoni aliomba mtoto aachiwe. Baadaye aliacha kuomba hilo, na hakuna aliyemwambia aache, aliacha mwenyewe. Akabaki na ombi moja: aambiwe amelala wapi.

Kwetu mtu akifa kuna kumzika, na baada ya muda, mwaka au zaidi, kuna siku ya kuganduka. Ukoo unakusanyika, watu wanakunywa pamoja, msemaji wa familia anaongea, msiba unaondolewa rasmi nyumbani. Kabla ya hapo nyumba haitoi binti kuolewa wala haifanyi sherehe yoyote. Wachungaji walimwambia mama kwamba inawezekana kuganduka hata bila kaburi, wengi wamefanya. Akawajibu kwamba hawezi kufunga mlango bila kujua mwanawe yuko upande gani. Hapo ndipo alipokwama, na sisi wote tukakwama naye.

Kisha utawala ule ukaanguka. Jamani, furaha ya siku zile kambini siwezi kuisimulia. Watu walicheza mvuani. Sisi tulidhani kuanguka ni kuanguka, kitu kinashuka, kinavunjika, unachukua ufagio. Tulirudi Mwakiro na mabati ya msaada na masufuria yetu, tukaanza kupigana na ndugu juu ya mipaka ya mashamba, na mama hata hajamaliza kuezeka nyumba akasikia kwamba kijana wetu amewekwa kwenye ile ofisi. Siyo mlinzi wa geti. Mkubwa.

Huyu kijana alikuja kambini yatima, tumbo limevimba, nywele nyekundu. Mama alimchukua akamlaza na sisi. Chakula kilipopungua, aliyepakuliwa kwanza ni yeye, mimi nikipiga kelele naambiwa ninyamaze. Baadaye alikwenda msituni na wenzake, akatoka na cheo. Kwa hiyo mama aliposikia habari hiyo alikamata jogoo, akajifunga kitenge kizuri, akaniambia twende, leo ndiyo leo.

Ofisi ilikuwa imepakwa rangi. Picha ya mkubwa mpya ilikuwa imetundikwa, na ukiangalia vizuri unaona ukutani alama ya fremu ya zamani, ambayo ilikuwa kubwa kidogo. Benchi la nje lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba sasa ndani kulikuwa na Kiswahili kitupu, Kiswahili chetu cha kambini, na vijana wanacheka kwa sauti. Kijana wetu alitoka, akapiga goti mbele ya mama, hapo hapo kwenye vumbi, na suti yake. Shikamoo mama. Alilia, haki ya Mungu alilia. Akasema kaka ni kaka yake, atamtafuta kama anayemtafuta ndugu wa tumbo moja, mama ampe muda kidogo. Jogoo akampokea. Mama alirudi Mwakiro anaimba njia nzima.

Muda kidogo. Nimeishi, nimeolewa Gitega bila kutolewa rasmi wala sherehe, nimepanga nyumba mtaa wa Yoba, nimejifungua, watoto wameingia shule, na ule muda kidogo ulikuwa bado haujaisha. Serikali ilipohamia Gitega na yeye alihamia, akapanda tena cheo. Mama akaanza kuja kwangu Yoba kila msimu, na kutoka kwangu anakwenda kwake. Anapokelewa. Anakalishwa kwenye kochi. Anapewa chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Anarudi na kanga mpya au kilo ya mchele, na neno lile lile.

Hiyo chai nitaiongelea kidogo, maana inaniudhi kuliko kofi. Watu waliopitia mikononi mwa wale wa zamani wanajua mambo yalivyokuwa, gari linakuja, mlango unagongwa. Sasa gari haliji. Unapata ujumbe kwenye simu: habari dada, pita ofisini unywe chai, na kaua kamechorwa mwishoni. Jirani yangu mmoja Yoba alipata ujumbe wa namna hiyo, akaenda, akarudi jioni mzima kabisa, hajaguswa hata unywele, na tangu siku hiyo hasalimii mtu. Ukimwandalia chai anageuza uso. Wanasema kazi imekuwa ya kistaarabu. Aka, ustaarabu gani huo?

Basi siku ile ya brosheti, kijana wetu aliniona nimeshika ukuta. Akaniita kwa furaha, dada yangu, njoo ukae, umekonda, mkulima gani huyu anakonda. Nikaenda. Sijui kwa nini nilikwenda, miguu ilikwenda. Alinivutia kiti, akaagiza brosheti nyingine na ndizi, kisha akanionyesha yule mzee, akasema huyu ni mwalimu wake. Mzee akafuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha kwangu. Kwenye kucha kulikuwa na kipande cha mafuta ya mbuzi kimeganda. Akasema pole na safari, madamu, kwa Kiswahili. Kiswahili. Amejifunza, uzee huo. Vijana wanaongea Kiswahili na yeye anataka mkate wake.

Sikumpa mkono. Nikamuuliza kijana wetu, mbele ya mzee mwenyewe, kama anamjua huyu ni nani.

Nilitegemea aruke, au aone haya, au hata anidanganye. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dukani hawatoi vitu bure.

"Dada, huyu mzee ananifundisha kazi."

Akaendelea kunieleza, na mzee anasikiliza huku anatafuna. Kwamba wao walipotoka msituni walijua kupiga risasi na kutembea njaa, kusikiliza walikuwa hawajui. Kwamba wakubwa walikubaliana ofisi iwe nusu wa zamani na nusu wapya, na wapya walipoanza kazi wakaona bila wa zamani hawajui hata waanzie kilima gani. Huyu mzee hakuwahi kubeba silaha maishani mwake, dada, kazi yake yote ameifanya akiwa amekaa na chupa mkononi. Anakunywa na watu. Anakwenda kwenye posa, misibani, ubatizo. Anajua nani amemwoa nani, nani amekasirika na nani juu ya shamba. Alishastaafu, wakamrudisha kama mshauri. Siku watu watakapoacha kunywa naye, ndiyo siku kazi yake itakapokwisha, akasema kijana wetu, na wakacheka wote wawili, kwa sababu siku hiyo haionekani kuwa karibu.

Nikauliza, na kaka je?

Akachukua simu yake akaiangalia, ingawa haikuwa imelia. Mambo ya zamani yana taratibu zake, dada. Nipe muda.

Yule mzee akasema kwamba subira ni kitu kizuri, na akachagua kipande kingine cha nyama, akakigeuza geuza kwenye pilipili kwa kidole. Nikaondoka. Maharagwe yangu niliyasahau pale chini ukutani na sikuyarudia.

Nilimpigia mama simu jioni ile. Nilitaka nimfiche, lakini mimi kuficha siwezi, sura yangu na sauti yangu vyote ni viropokaji. Nikamweleza kila kitu, bega, mkono, mwalimu. Nikangoja alie. Nikawa nasikia kuku wake kule, halafu akaniuliza:

"Huyo mzee amenenepa?"

Nikamwambia ndiyo, mama, amenenepa.

Akasema haya. Akaniuliza habari za watoto. Wiki haikupita, shangazi zangu wakanipigia kunieleza kwamba mama ametangaza kuganduka. Binti wa kaka, yule aliyekuwa tumboni, alikuwa ameposwa na kijana wa Kobero anayebadilisha pesa mpakani, na wakwe walikuwa wamengoja mpaka wanaanza kunung'unika. Mama alisema hawezi kumzeesha mtoto wa watu kwa sababu ya ofisi. Ataondoa msiba bila kujua. Nilipomuuliza kama ana hakika, alinijibu kwamba amechoka kuwa mtu wa kupewa mchele. Sikuwahi kumsikia akiongea vile, na nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikashindwa kula.

Ilikuwa kiangazi. Petroli haikuwepo nchini, au ilikuwepo kwa wenyewe, kwa hiyo mabasi yalisimama na sisi wengine tukajipanga barabarani kama mizigo. Nilifika Muyinga juu ya lori la saruji, na lori lenyewe lilikuwa la yule mfanyabiashara aliyeona kaka akichukuliwa, mzee sana sasa, kanzu nyeupe, anaendesha duka kwa kuelekeza kwa fimbo. Alipojua nakwenda kuganduka alitoa sukari na mchele, akaniomba radhi kwamba miguu yake haiwezi kufika Mwakiro. Akasema aliwahi kumweleza kijana wetu alichokiona, zamani, ofisini, alipoitwa. Kijana wetu alimshukuru, akampa chai.

Siku yenyewe watu walijaa. Ukoo, kanisa, majirani wa kilima, wale waliorudi kutoka Tanzania na wale ambao hawakuondoka. Hema lilifungwa kati ya nyumba na migomba. Kulikuwa na pombe ya ndizi kwenye madumu, na bia ya chupa kidogo sana, ya wazee tu, maana siku hizi kreti ya bia unaitafuta kama dawa. Mjomba wangu, msemaji wa familia, alikuwa amesimama anasimulia maisha ya kaka, na aliyasimulia vizuri, utoto wake, sabuni zake, alivyokuwa anacheka, wakati tuliposikia injini. Katika kata nzima hakuna aliyekuwa na petroli. Kila mtu alijua ni nani kabla hajaona vioo vyeusi.

Walishuka wawili. Kijana wetu na mwalimu wake.

Hawakualikwa. Lakini kwetu mtu anayekuja msibani hafukuzwi, na mtu anayekuja na vinywaji hafukuzwi kabisa, na hawa dereva wao alikuwa anashusha makreti ya bia, moja juu ya jingine, na watu wanayahesabu kwa macho. Yule mzee alivua kofia, akainama mbele ya mama.

"Shikamoo mama."

Mtu ambaye aliwahi kumpiga mwanamke kofi kwa salamu ya Kiswahili, anatoa shikamoo, tena kwa lafudhi ya kambini, ameinama vizuri kabisa, hata magoti ameyakunja kidogo. Mama akamwangalia. Akajibu marahaba. Mjomba wangu, mjinga yule, Mungu anisamehe ni mjomba, akaacha hadithi ya kaka katikati, akawashukuru wageni wa heshima waliojitoa kuja kutufariji, akawahamisha wazee wa ukoo kutoka viti vya mbele. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikatema mate, nikarudi.

Makreti yaliingizwa ndani kama zawadi zinavyoingizwa. Hotuba ziliendelea. Kijana wetu naye alipewa nafasi, akasema jinsi alivyolelewa katika nyumba hii, jinsi kaka alivyokuwa mfano kwake, na watu wakapiga makofi ya adabu. Yule mzee alikuwa ameshaanza kuongea na jirani yake wa kushoto, anamuuliza binti anaolewa wapi, na kijana wa mpakani ni wa nani, na huyo baba yake ni yule aliyekuwa na ng'ombe wengi? Pale pale. Kwenye msiba alioutengeneza mwenyewe, yuko kazini.

Mama akainuka. Siku kama hiyo mama mwenye msiba hahudumii watu, kuna vijana na wakwe wa kuhudumia, kwa hiyo wote walitazama. Aliingia ndani peke yake. Akatoka na sinia, na juu ya sinia chupa za bia ya kreti zao, mbili, zimeshafunguliwa. Akaziweka kwenye kistuli mbele ya wale wageni. Kisha akabaki amesimama.

Asiye wa kwetu haoni kitu hapo. Huku kwetu bia inafunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa, isije ikatiwa sumu. Hata kabare ya mwisho kabisa, mhudumu mlevi, atakuja na chupa imefungwa na kifungulio mkononi. Kama imefunguliwa ndani, aliyeileta anaonja kwanza, anameza, unaona koo inashuka, ndipo anakupa. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. Na mama hakuonja.

Kijana wetu alicheka kidogo, akasema mama bwana, akanyoosha mkono, akaishika chupa. Mkono ule niliuona ukichota uji kwenye sufuria yetu maelfu ya asubuhi. Aliiinua, akaifikisha karibu na kidevu, akairudisha chini polepole na kujifanya anaifuta vumbi. Alikuwa anamwogopa mama. Mtu mwenye ofisi, mwenye gari, alikuwa anamwogopa mwanamke aliyemlisha.

"Ni bia yenu," mama akasema. "Nitaionja mimi kwanza, kama inavyotakiwa. Mniambie mwanangu amelala wapi."

Hakupaza sauti. Mjomba akakohoa, akataka kuingilia, shangazi akamvuta shati. Kijana wetu akaanza: mama, unajua, haya mambo yana ngazi zake, tuko kwenye hatua nzuri, tupe muda. Mama hakugeuza hata shingo kumtazama. Alikuwa anamtazama mzee.

Na mzee alikuwa anawatazama watu. Niliyafuata macho yake, safu kwa safu. Pale walikuwapo watu wa vilima vyote vya karibu, na wote walikuwa wanaangalia chupa. Angeinuka na kuiacha, kesho kila kabare kutoka Mwakiro mpaka Kobero ingejua kwamba amewekewa bia akaiogopa, na kwa nini aliiogopa, na baada ya hapo nani angekaa naye meza moja? Niliona anapiga hesabu. Hakuwa na haya wala majuto usoni, ninaapa, nilitafuta sana nione hata kidogo. Alikuwa anapiga hesabu ya kazi yake.

"Bon," akasema. "Mama, iko Kobero. Nyuma ya parking ya malori. Pale walijenga vyoo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekuelekeza duka la dawa.

Vyoo vile navijua. Kila aliyepita Kobero anavijua, madereva, wapagazi, abiria wa mabasi, sisi wote tuliorudi na masufuria kichwani siku ile ya furaha. Mke wa kaka aliziba mdomo kwa kitenge, akainamia mapaja yake. Mimi nilimgeukia kijana wetu, nione anavyoshtuka, maana moyoni bado nilikuwa na kijisehemu kinachomtetea, kinachosema labda kweli alitafuta akakosa. Hakushtuka. Alikuwa anaangalia viatu vyake, ametulia, kama mtu anayesikia habari ya juzi. Alijua. Chai yote ile, mchele wote ule, magoti yote yale, alikuwa anajua.

Mama akachukua chupa ya mzee. Akanywa, akameza, sote tukaona koo yake ikishuka. Akafuta mdomo wa chupa kwa ncha ya kitenge chake, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyofanya kwa mtu tunayemheshimu, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele ya watu. Ya kijana wetu hakuigusa. Ilibaki pale kwenye kistuli, mbele yake, povu limekufa. Akamwambia mjomba aendelee.

Mjomba hakuweza kuendelea. Kwa hiyo sote tukamwangalia yule mzee akinywa. Alikunywa bila haraka, kichwa nyuma, mpaka tone la mwisho. Akajifuta midomo kwa kiganja, akamwinulia mama chupa tupu.

"Mama, iko ingine?"